Kanuni ya Nne Kwenye Dawati la Malalamiko

Kabla sijawa mtu mtulivu nilikuwa na marafiki kumi na mmoja. Sitii chumvi. Niliwahesabu siku walipobaki wawili, na mmoja wa hao wawili ni mama yangu mzazi, ambaye hana namna.

Yote yalianzia kwenye presha. Daktari alinifunga ule mkanda mkononi, akaujaza upepo, akasoma, akaufungua, akanifunga tena. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia napokea malalamiko ya wateja wa maji, kwa simu, saa nane kwa siku, na kila simu naianza kwa kusema nimefurahi umepiga. Akaandika vidonge. Chini ya vidonge akaandika: apate utulivu. Hakuandika unauzwa duka gani.

Niliupata ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu. Palikuwa na chumba kitupu, mikeka, mito ya kukalia, na mwanamke aliyenyoa kichwa ambaye alikuwa mkunga miaka arobaini kabla ya kuwa mtawa wa Kibudha. Tulimwita Mkunga tu, naye hakukataa. Alitufundisha kukaa, kufumba macho na kuhesabu pumzi, moja hadi kumi, kisha unarudi mwanzo. Akili ikitoroka unarudi mwanzo vilevile, bila kujigombeza. Wiki ya kwanza sikuvuka tatu. Kufika nne nilikuwa nimeshawaza kodi ya nyumba, goti langu, na yule mteja aliyeniita takataka.

Nilipomweleza mama kwa simu, akaniuliza:

"Yaani mnakaa tu?"

"Tunakaa, mama. Tunaangalia pumzi."

"Inakwenda wapi hata iangaliwe? Mimi nimelea watano, mwanangu, sikupata hata nafasi ya kukaa nikala."

Mwezi wa pili nikapokea kanuni tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutokunywa pombe. Nne hazikunisumbua. Kuua, nilikuwa naua mbu. Wizi wangu ulikuwa kalamu za ofisi. Uzinzi unataka nafasi, na zamu zetu hazitoi nafasi. Pombe haipatani na vidonge. Lakini ile ya nne ilinitoa jasho, kwa sababu Mkunga aliieleza kwa mapana. Si uongo peke yake, alisema, bali na kusengenya, na kudhihaki, na kila neno linaloacha mtu ameumia. Ukiyaondoa hayo, kazini kwetu kunabaki salamu.

Tulikuwa sita kwenye dawati moja refu, kila mtu na hedfoni yake na kioo chake cha kompyuta. Kila simu ina dakika tatu. Zikipita, taa ndogo juu ya kioo inageuka nyekundu na Msimamizi anakohoa. Na kila simu lazima uifunge kwa swali moja, hata kama mteja ametoka kumtukana bibi yako kaburini: je, kuna lingine nikusaidie?

Kushoto kwangu alikaa Jirani. Tuliitana Jirani, mimi yeye na yeye mimi, kwa sababu sehemu zetu za dawati zilitumia droo moja. Miaka sita ndani ya droo ile kulikuwa na kitana kimoja, biskuti zangu, dawa zake za kichwa na siri zetu zote zilizoandikika. Mume wangu aliponiacha, Jirani ndiye aliyejibu simu zangu siku mbili kwa sauti yangu ili nisifukuzwe. Ukitaka kujua rafiki ni nani, ni huyo.

Na kila Ijumaa zamu ikiisha tulikuwa na Korti. Tunajifungia chumba cha chai, kila mmoja anamleta mteja wake wa wiki na kumwigiza. Atakayechekesha kidogo kuliko wote anaosha vikombe wiki nzima. Miaka sita sikuwahi kulowesha mkono. Nilikuwa na Bibi Mita.

Bibi Mita alipiga kila Jumanne kutusomea namba za mita yake. Hakuna aliyemwomba. Mita zinasomwa na vijana wa kampuni, yeye anajua, tumemwambia. Lakini anasoma, tarakimu moja moja, na ukimuuliza kama kuna lingine, anakuwa binadamu wa pekee duniani anayelichukulia swali lile kuwa ni swali. "Liko, mwanangu," anasema, na hapo tunaingia kwenye goti, na paka wa jirani, na mlango usiofunga. Nikifika kwenye "liko, mwanangu" Kasuku, yule wa mwisho wa dawati anayerudia kila kitu, alikuwa analala sakafuni kwa kicheko. Jirani alikuwa analia machozi, ananipiga begani, anasema nyamaza, nyamaza, nitakufa.

Basi Ijumaa moja nikawaambia siigizi tena. Nikawaeleza kanuni ya nne, kwa upole, mikono nimeiweka mapajani. Nadhani nilifumba na macho.

"Umeokoka?" akauliza Kasuku.

"Hapana. Ni uangalifu tu."

"Uangalifu tu," akasema Kasuku, akawatazama wenzake.

Toka siku hiyo nikaitwa Mtakatifu. Nikiingia chumba cha chai mtu anazima muziki, anainamisha kichwa, anasema tumsalimu Mtakatifu. Wananiletea uvumi hadi puani, kisha wanasema lo, samahani, wewe huli hizi. Jirani alicheka nao, lakini jioni tukishuka ngazi alikuwa ananishika mkono. "Wape muda," aliniambia. "Hata mimi sikuelewi, ila wape muda."

Msidhani kule kwa watulivu kulikuwa na nafuu. Kule nako kuna Korti, tofauti yake inaendeshwa kwa sauti ya chini. Kulikuwa na bwana mmoja, mhandisi wa lifti, niliyempa jina la Ndugu Pumzi, ambaye kila Jumapili lazima atujulishe kuwa amekaa saa mbili na siafu alikuwa mguuni, na hakumfukuza. Mwingine alikuwa ameacha sukari. Mwingine aliacha televisheni, akaacha na mke. Ukisema wewe umekaa dakika ishirini wanakutabasamia kwa huruma inayotaka kupigwa kofi. Na wote walikuwa na ushauri mmoja kuhusu marafiki wa zamani: waachilie, ni mizigo. Niliukubali haraka, maana huko kwingine nilikuwa nachekwa.

Sasa tuje kwenye siku niliyokausha mlima.

Mteja alikuwa mwanamume wa mtaa wa juu, mwenye sauti ya tarumbeta. Bomba lake linavuja nje ya geti, amepiga mara nne. Alikuwa na haki, lakini alikuwa anaitumia yote kwa wakati mmoja. Nikaona hapa pana nafasi nzuri ya mazoezi. Nikabonyeza kitufe cha kuzima sauti yangu, nikafumba macho, nikaanza kuhesabu pumzi kwa sauti ya taratibu. Moja. Mbili. Tatu. Kumbe kitufe sikukibonyeza sawasawa.

Nilipofika tano, yule bwana akaacha kufoka.

"Unahesabu nini, mama?"

Mimi nilikuwa mbali. Nikasema: "Sita."

"Mama, subiri. Tuongee. Mnakata? Mnatukatia maji?"

"Saba."

Alitupa simu. Kwenye rekodi inasikika akikimbia akiita majirani: jazeni ndoo, wanakata, wamefika saba! Mtaa mzima ukafungua mabomba. Walijaza ndoo, mabeseni, masufuria na beseni la kuogeshea mtoto. Tangi la mlimani halikujengwa kwa kazi hiyo. Kufika saa tisa alasiri mlima ulikuwa mkavu kweli, na sisi tulikuwa na simu mia moja na nne za watu waliotaka kujua kwa nini tumewakatia.

Msimamizi aliniita chumbani kwake. Aliipiga rekodi mara mbili, na mara ya pili nilimwona anang'ata shavu asicheke. Kabla sijafungua mdomo, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Jirani.

"Ni kosa langu, Msimamizi," akasema. "Sauti yake ilikuwa inakatika kwangu, nikamwomba ahesabu tujaribu laini. Hakujua mteja bado yupo."

Uongo mzuri ule. Ulikuwa mfupi, unaaminika, haumdhuru mtu. Msimamizi aliupenda, alikuwa na njaa na saa ya kula ilikuwa imempita. Alishachukua kalamu aandike: majaribio ya laini.

Nami nikaikumbuka kanuni ya nne.

"Si kweli, Msimamizi," nikasema. "Jirani ananitetea tu. Nilikuwa natafakari."

Sitasahau raha niliyoisikia. Nilijiona mweupe, safi, nimenyooka. Sikumtazama Jirani, nilitazama ukutani juu kidogo, mahali ambapo watu wa namna yangu hutazama. Msimamizi akaiweka kalamu chini. Mimi, niliyekausha mlima, nilisifiwa kwa ukweli na kuambiwa niwe mwangalifu na vitufe. Jirani, ambaye hakukausha hata kikombe, alipewa barua ya onyo kwa kudanganya uongozi. Mwezi uliofuata ilikuwa awe kiongozi wa zamu. Nafasi hiyo ikaenda kwa Kasuku.

Jumapili nikawasimulia watulivu. Hawapigi makofi, wao husugua viganja. Walisugua. Ndugu Pumzi alisema hiyo ndiyo kuachilia kwenyewe. Mkunga peke yake aliuliza, "Na huyo mwenzio yukoje?"

"Atajifunza," nikasema.

Mkunga akanitazama. "Nimepokea watoto miaka arobaini," akasema. "Mtoto akitoka kimya, chumba kile hakuna anayefurahi."

Nikaona ni neno zito, nikaliandika kwenye daftari, sikulifikiria tena.

Jirani hakunigombeza. Ningepona kama angenigombeza. Alikata kipande cha boksi akakisimamisha katikati ya droo, kushoto kwake, kulia kwangu, na kitana akaniachia mimi. Nilimwandikia kikaratasi: nakutakia amani. Alikikunja mara nne akakitumia kuzuia dirisha lisipigepige. Nikimletea chai alikuwa anasema, "Asante, mama." Mtu wa miaka sita akianza kukuita mama kwa heshima, ujue umefukuzwa. Mimi nilikaa nikaitazama hasira yake ikija na kuondoka, nikajiambia ni hasira yake, si yangu, sina budi kuiachilia. Nilikuwa naachilia kila kitu siku zile, hasa vitu ambavyo havikuwa vyangu kuachilia.

Kisha Msimamizi akatangaza: Jirani amepata kazi mji mwingine. Amebakiza wiki mbili.

Hapo utulivu wangu ukapasuka. Nilikwenda chooni nikahesabu pumzi na sikuvuka mbili. Sikutaka kumwachilia. Nilimtaka rafiki yangu, na droo yetu, na mkono wake tukishuka ngazi. Nilikuwa na siku kumi za kazi za kumrudisha, na sikujua pa kuanzia, kwa sababu maneno yote tuliyokuwa tunapendana kwayo nilikuwa nimeshayapiga marufuku mimi mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini mimi nilikalia langu kwenye mto na kulifanyia ibada.

Jumanne ya mwisho Bibi Mita akapiga. Sikuwa na hamu ya kazi wala ya utulivu, nikakaa tu nikasikiliza. Akasoma: sifuri, nne, moja. Nikagundua anavuta pumzi kabla ya kila tarakimu, na kwamba huwa anaweka simu mezani, anakwenda kuchungulia, anarudi. Nyayo zake zilisikika, mguu mmoja ukiburuta. Mita haikuwa mbele ya macho yake kama nilivyokuwa naigiza. Alikuwa anakwenda na kurudi kwa kila namba moja. Tarakimu saba, safari saba.

"Bibi, kwa nini usiandike zote mara moja?" nikamuuliza.

"Marehemu ndiye aliyekuwa anachungulia, anapaza sauti, mimi naandika," akasema. "Sasa huku ndani hakuna wa kumpazia sauti."

Taa ikawa nyekundu. Msimamizi akakohoa. Nikamuuliza kama kuna lingine, na lilikuwepo, na nikamkatia kwenye paka.

Ijumaa tukamuaga Jirani chumba cha chai, sote pamoja na Msimamizi. Kulikuwa na keki, na kadi ambayo kila mtu alikuwa ameandika "tutakukumbuka" kwa kunakili wa juu yake. Kasuku, sasa kiongozi wa zamu, alitoa hotuba. Kisha akamuuliza Jirani anataka zawadi gani.

Jirani alinitazama mimi, mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

"Sitaki kadi," akasema. "Nataka Bibi Mita."

Chumba kikalipuka. Bibi Mita! Bibi Mita! Wakagonga meza kwa vijiko. Mtakatifu apumzike leo, akasema mmoja. Hata Mungu alipumzika siku ya saba, akasema mwingine, akachanganya dini lakini nilimwelewa. Nikasema siwezi, nimekula kiapo. Nikawatazama wote wananitazama, na uso wangu ukawaka. Sijui kama ni wao walionishinda. Nadhani ni Jirani, aliyekuwa amekaa pembeni ya keki yake akitabasamu kwa nusu mdomo, akingoja kuona kama nitamkatalia na hili.

Nikavaa hedfoni. Wakashangilia.

Nikaanza, na nilikuwa hodari. Nilikuwa hodari kuliko siku zote. Nikaweka simu mezani. Nikavuta mguu hadi dirishani, nikachungulia, nikarudi. "Sifuri," nikasema. Wakacheka. Nikaenda tena, nikarudi, nikavuta pumzi ile ya kabla ya tarakimu. "Nne." Wakacheka. Safari ya tatu walicheka wachache. Nilitaka kuruka nifike kwenye paka, naapa nilitaka, lakini mwili haukujua tena njia ya mkato. Ulikuwa umemsikia mwanamke yule, ukawa unamtoa jinsi alivyo. Safari ya tano hakuna aliyecheka. Kijiko kilianguka na mtu hakukiokota. Nilipofika ya saba niliegemea meza, nikasema kwa sauti yake, "Marehemu ndiye aliyekuwa anachungulia," na Kasuku, aliyezoea kurudia kila kitu, hakurudia.

"Haya," akasema Msimamizi, akishika kisu. "Keki ipo."

Watu wakakumbuka wana safari. Mmoja mmoja wakamkumbatia Jirani haraka, wakachukua makoti. Keki ilikatwa vipande viwili tu. Jirani akabeba mkoba wake na kutoka bila kuniaga, nikamfuata, nikamkuta kwenye ngazi za chini.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema bila kugeuka. "Nicheke. Mara ya mwisho, nicheke na wewe. Hata hicho umekigeuza mahubiri."

"Sikukusudia. Ndivyo anavyoongea."

"Najua ndivyo anavyoongea!" Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Unadhani hajawahi kupiga kwangu? Umemsikiliza mpaka pumzi zake. Bibi usiyemjua hata sura. Mimi barua ile ililetwa mezani, hapo, ungenyoosha mkono ungeigusa. Nikaisoma mara tatu. Nikageuka nikuangalie. Ulikuwa umefumba macho."

Nilikuwa nimefumba macho. Niliikumbuka saa ile vizuri, nikakumbuka hata nilikuwa nimefika ngapi. Nilikuwa nimefika tisa, sikuwahi kufika tisa kabla ya hapo, na nilijipongeza.

Nje gari lilipiga honi, lilikuwa lake. Akaanza kushuka. Ndugu Pumzi angesema hapa ndipo mahali pa kuachilia. Mimi nilimkamata mkanda wa mkoba kwa mikono miwili.

"Niachie, gari linaningoja."

"Siachii."

"Utaukata."

"Ukatike."

Nikalia, si kwa heshima. Nililia kwa mdomo wazi, kamasi zikitoka, na mlinzi wa mlangoni alijifanya anasoma gazeti. "Nilikuuza," nikamwambia. "Haikuwa ukweli, Jirani, nilikuuza nijione mwema. Nilisikia raha. Ulikuja kunitetea na mimi nikasikia raha. Nisamehe. Usiende ukiniita mama."

Miezi saba ya kanuni ya nne, na hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza nililompa.

Jirani alinitazama. Honi ikalia tena. Alitoa mikono yangu kwenye mkanda, kidole kimoja kimoja, akaniwekea leso mkononi.

"Sijakusamehe," akasema. "Nipigie Jumapili. Na ukianza kunyamaza, nakata."